Wazima Cheche wa Kishingo

Katika nchi ya Uzao, pale bonde pana lenye joto linapobanwa na miamba miwili hadi ikabaki njia ya upana wa mlango, palikuwa na mji uitwao Kishingo. Haukuwapo mji mdogo kuliko huo katika nchi nzima, wala haukuwapo uliotegemewa zaidi, kwa kuwa kila mtoto wa Uzao, awe wa mfalme au wa mchoma mkaa, alipita Kishingo siku ya kuingia duniani. Lango lake halikuwa na komeo wala bawaba. Lango lilikuwa ni mji wenyewe: nyumba zilizopangwa safu juu ya safu, bega kwa bega kama vigae vya paa, zikijibana miezi yote ya kungoja na kulegea siku ya kupisha.

Nyumba za Kishingo zilizaliwa chini zikafa juu. Nyumba mpya ilijengwa kwenye safu ya msingi, karibu na udongo na maji, na kila iliyojengwa iliisukuma iliyotangulia ipande ngazi moja. Iliyopanda ilizidi kuwa nyembamba na ngumu, mpaka ikafika safu ya juu kabisa na kuzikinga zote zilizo chini yake na upepo na vumbi. Siku yake ikitimia, mwenye nyumba aliwaita majirani, akawalisha, akakunja jamvi na kuondoka asirudi, nyumba ikaangushwa nje ya ukuta, na hakuna aliyelia. Kukunja jamvi hakukuwa msiba Kishingo. Kulikuwa adabu, kama kumpisha mkubwa kiti.

Kila nyumba ilikuwa na kitabu chake cha ujenzi, na fundi aliyejenga nyumba mpya alinakili kitabu cha nyumba mama neno kwa neno, hata madoa ya wino asiyaache. Kila nyumba pia ilikuwa na jiko lisilozimwa, maana bila moto ingepoa na kuanguka kabla ya wakati wake. Lakini hakuna moto usio na cheche, na cheche za majiko yale hazikuwa na subira. Ziliruka zikauma nguzo, zikatoboa mapazia, na zilizo mbaya kuliko zote zilitua juu ya vitabu vya ujenzi na kuunguza herufi. Herufi moja ikiungua, nyumba inayofuata hujengwa na mlango mahali pa dirisha.

Ndiyo maana tangu mji ulipoanza palikuwa na ukoo wa Wazima Cheche. Walifanya kazi wawili wawili. Wa kwanza alishika koleo: alizidaka cheche mbili hewani, akazibana pamoja mpaka zikawa kaa moja dogo jekundu, tulivu kwa macho lakini lenye kuchoma hadi mfupani. Wa pili alishika chungu: alilipokea lile kaa, akalitosa, likapumua mara moja na kubaki maji matupu. Koleo bila chungu ilikuwa ni kujikusanyia makaa mapajani. Chungu bila koleo ilikuwa ni kukaa ukingoja moto uje wenyewe kuoga.

Hakuna aliyewashukuru. Mtu humshukuru aliyemtoa motoni. Nani humshukuru aliyeuzuia moto usiwake? Sisi tunaosimulia tunaanza na shukrani hiyo iliyochelewa, kwa sababu nasi tulipita lango lile kama kila mtu, na hatukuungua.

Katika Mtaa wa Msingi kazi hiyo ilifanywa na ndugu wawili wa tumbo moja. Katale, dada mtu, alishika chungu. Sodi, mdogo wake, alishika koleo. Sodi alikuwa mwepesi wa mkono na wa mdomo, mwanamume aliyeweza kudaka cheche huku amegeuza uso akimtania jirani. Katale alikuwa mzito kwa kusema, lakini ilisemekana kwamba katika muda wa kukohoa mara moja aliweza kutosa makaa ambayo mwingine angeyahesabu kuanzia asubuhi mpaka mchana. Wakifanya kazi waliimba, Sodi akianzisha na Katale akimpokea:

*Cheche ni mwana wa moto, mzazi wake jikoni,*
*Huzaliwa na fukuto, akatafuta majani,*
*Mnase bado mtoto, mtumbukize majini,*
*Ukimwacha kwa uzito, utalala majivuni.*

"Dada, leo unazubaa," Sodi angesema. "Nimekurushia makaa mawili na bado unalitazama la kwanza kama mchumba."

"Rusha," Katale angejibu. "Ukinyamaza utarusha vizuri zaidi."

Aliyeutawala mji huo wakati tunaousimulia aliitwa Mwinyi Nyonga. Alikuwa mtu wa mito na mazulia, mwenye sauti ya kupendeza na macho yasiyotulia, na kitu kimoja kilimkosesha raha: alichukia kukunja jamvi. Baba yake alikunja, babu yake alikunja, na yeye mwenyewe, kila alipofungua dirisha, aliona paa lake limepanda ngazi nyingine kuelekea safu ya juu. Aliwaambia washauri wake kwamba mji usiodumisha kitu ni mji usio na heshima. Washauri walitikisa vichwa kukubali, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi waliyojua.

Siku moja ya sherehe, wakati mji mzima ulikuwa ukicheza na hakuna aliyetazama ukuta, mtu mdogo aliingia kupitia mkwaruzo uliokuwa upande wa chini, mkwaruzo mwembamba kuliko unywele. Alijiita Bwana Chunjua. Alikuwa mpole, mwenye tabasamu la mtu aliyekuja kutoa pole, na mzigo wake wote ulikuwa mkoba mmoja.

"Umetoka wapi, bwana?" aliuliza Bi Tando, mjane wa Mtaa wa Msingi, ambaye mlango wake ndio uliokuwa karibu.

"Nimetoka kwa wengi, mama. Sina jiko, sina sufuria, sina hata kijiko. Nina karatasi tu."

"Kwangu mgeni halali njaa. Ingia."

Kishingo kulikuwa na desturi ambayo hatujaisikia kwingine. Mgeni aliyelala siku tatu aliletewa kitabu cha ujenzi cha nyumba aliyofikia, aandike pembeni neno moja la heri. Wageni wa zamani waliandika "Paa lisivuje," au "Maziwa yasiishe," na mafundi, waliozoea kunakili hata madoa, walizinakili heri zile katika kila nyumba iliyofuata, na mji uliona fahari kuwa na vitabu vilivyojaa mikono ya watu. Hawakuwahi kuuliza mgeni ataandika nini. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu.

Siku ya tatu Bi Tando alimletea Bwana Chunjua kitabu na kalamu. Mgeni alitoa karatasi yake mkobani, akanakili mistari miwili kwa mwandiko mdogo mzuri: *Nyumba hii isikunje jamvi kamwe. Na asemaye simama, asisikilizwe.*

Bi Tando aliisoma mara mbili. "Hii ni heri, bwana?"

"Mama, kuna heri gani kubwa kuliko kuishi?"

Mjane alikifunga kitabu, akamshukuru, akamwongezea uji.

Nyumba iliyojengwa baada ya hapo haikupanda ngazi. Ilibaki palepale kwenye msingi, ikazaa nyingine pembeni yake, nayo ikazaa nyingine, kila moja na chumba kidogo cha Bwana Chunjua ndani, mpaka mahali palipokuwa na nyumba moja pakawa na kichuguu cha nyumba zisizo na safu wala njia, zikipandiana migongoni. Wenyeji walinong'ona. Mwinyi Nyonga alipoletewa habari aliomba kubebwa akaone kwa macho yake, na alipoona nyumba zile zilivyosimama bila dalili ya kuzeeka, machozi yalimtoka.

"Bwana Chunjua," alisema, "nami niandikie."

Akaandikiwa. Kuanzia siku hiyo kile kichuguu kiliitwa Kasri la Ustawi, Mwinyi akahamia humo pamoja na mito yake, na wapiga mbiu wakatangaza kwamba Kishingo kimeshinda kifo.

Aliyebaki kupinga alikuwa mmoja. Mzee Komesha alikuwa mkaguzi wa ujenzi, mtu mrefu mkavu, na cheo chake kilikuwa neno moja tu. Alipokuta kitabu kilichoungua herufi au nyumba iliyojengwa upande, alisema, "Simama," na mafundi wote waliweka nyundo chini mpaka kosa lirekebishwe. Na kama haliwezi kurekebishika, alimwambia mwenye nyumba kwa upole akunje jamvi siku ileile. Nyumba nyingi mbovu ziliondoka hivyo bila mtu kujua kwamba ziliwahi kuwapo. Huyo naye tunamshukuru.

Alifika kwenye kasri, akafungua kitabu cha kwanza, akasoma, akakifunga.

"Hiki si kitabu tena," alisema. "Hiki ni kitabu chenye mtu ndani. Simama!"

Mafundi walitazamana. Mmoja alisema, "Mzee, imeandikwa humu tusikusikilize." Na nyundo zikaendelea.

Bwana Chunjua hakumpiga wala hakumfunga. Alimwendea kwa nyuma kama anayemsalimu, akampapasa bega, akambandika mgongoni kikaratasi ambacho mji ulikitumia kutia alama vitu vya kutupwa. Jioni hiyo wazoa taka walipopita na mkokoteni walimwinua Mzee Komesha kwa mikono na miguu.

"Niacheni! Mimi si taka, mimi ni Komesha!"

"Mzee wetu, tunakufahamu," alisema mkubwa wao, "lakini una karatasi. Sisi hatusomi sura, tunasoma karatasi. Tukianza kusoma sura, mji huu utafagiliwa na nani?"

Wakamtupa nje ya ukuta, pamoja na maganda na vyungu vilivyovunjika, na hatukusikia tena habari zake.

Sasa kasri liliota majiko kama uyoga. Nyumba isiyokubali kufa hula sana, na majiko yake yaliwaka mara tatu ya majiko ya kawaida, yakivuta hewa na mafuta ya mitaa yote iliyo karibu. Cheche zilizotoka humo hazikuwahi kuonekana Kishingo: zilitoka kwa mafungu, kama mchwa wenye mabawa baada ya mvua. Wiki ya kwanza nguzo mbili za ukumbi zilikatika. Mwinyi Nyonga, ambaye hakuwahi kujua jina la mzima cheche hata mmoja, aligundua ghafla kwamba mji una ukoo huo. Akatoa amri.

Tarishi aliisoma katika Mtaa wa Msingi, saa ya kazi, huku cheche zikimpita masikioni. Washika vyungu wote wa mji walitakiwa kasrini mara moja, kwa heshima ya kulinda Ustawi. Washika koleo wabaki mitaani.

"Na haya makaa nitayaweka wapi?" Sodi aliuliza. "Mfukoni?"

"Amri haikutaja mahali."

"Basi tarishi fungua mkono, nikupe moja umpelekee Mwinyi, umwambie Sodi anakusalimu."

Watu walicheka, lakini Katale hakucheka. Alikuwa akiufunga mdomo wa chungu chake kwa jani. Alikuwa na mazoea ya kutii, kama tulivyo wengi, na tena aliamini kwamba moto ni moto, na mwenye maji huenda moto ulipo.

"Usidake nyingi," alimwambia mdogo wake. "Daka zinazoelekea kwenye vitabu tu. Zilizobaki ziache zianguke sakafuni."

"Mimi niache cheche ipite? Dada, labda uniage kabisa."

"Sodi, sikiliza."

"Nimesikia. Nenda. Watakulisha vizuri huko. Ukinenepa usisahau ulikotoka."

Kasrini Katale alipewa chungu kipya na maji yasiyokwisha, kwa kuwa Bwana Chunjua alikuwa amechimba mifereji mipya iliyopindapinda, ikinyonya maji ya mji mzima na kuyaleta kwake. Alifanya kazi kama alivyozoea, na kazi yake ilikuwa nzuri mno. Ndani ya moto ule, kati ya majiko yale yenye wazimu, hakuna nguzo iliyopata doa. Mwinyi Nyonga alialika wageni kutoka sehemu nyingine za Uzao waje waone jinsi Ustawi usivyoungua, na aliwaambia kuwa ni kwa sababu ya uongozi.

Mchana mmoja Katale aliingiwa na moshi machoni, akasimama kuyafuta. Ulikuwa muda wa kupiga chafya. Katika muda huo boriti ilishika, pazia likashika, na ukuta mzima wa chumba cha Bwana Chunjua ukaanza kupasuka kama kuni mbichi. Akaumwagia maji haraka ukazimika. Lakini Bwana Chunjua alikuwa ametoka mbio, na lile tabasamu la kutoa pole halikuwapo.

"Mama wa chungu! Unalala?"

"Nilikuwa nafuta macho, bwana."

"Usifute! Macho utafuta ukifa."

Katale aliinama kuomba radhi, na akiwa ameinama, akitazama miguu ya yule mtu mdogo ikitetemeka, aliona jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Kasri lililoushinda mji mzima, lililomfanya Mzee Komesha kuwa taka, lilikuwa limesimama juu ya chungu chake. Hakulisema. Aliliweka moyoni, akaendelea kutosa.

Baada ya siku kumi alikuja Bi Tando. Alikuwa amekonda, na alizungumza akitazama chini, kwa kuwa hakusahau ni nani aliyeleta kitabu na kalamu. Alimwambia Katale kwamba Sodi hakuacha cheche hata moja ipite. Alizidaka zote na kuzibana, na kwa kuwa hapakuwa na chungu, aliyashikilia makaa kwa koleo hadi koleo likapinda kwa joto. Kisha akayashikilia kwa mikono, akiyahamisha kutoka kiganja hadi kiganja ili yasiviangukie vitabu. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda. Bado aliendelea na vilivyobaki.

"Anasemaje?" Katale aliuliza.

"Anasema usiambiwe. Na anasema ukiambiwa, nikwambie amepata mchumba, ni kaa la moto, anampenda kuliko ulivyompenda wewe."

Katale alikwenda moja kwa moja ukumbini, chungu kiunoni. Mwinyi Nyonga alikuwa ameegemea mto, na Bwana Chunjua ameketi miguuni pake, akiandika.

"Mwinyi, naomba ruhusa ya siku moja."

"Ya nini?"

"Mdogo wangu ameungua mikono. Mtaa wa Msingi hauna chungu hata kimoja."

"Mtaa wa Msingi una kuta za mawe."

"Mawe hayashiki moto, Mwinyi. Vitabu vinashika."

Mwinyi alimtazama kama mtu anayesikia kiti kikizungumza. "Mtaa mmoja ni nini mbele ya Ustawi?"

Bwana Chunjua alicheka bila kuinua kichwa. "Mwache aulize. Mama, vitabu vyenu vikiungua ni heri kwangu. Ukurasa uliotoboka haukatai mwandiko wowote. Juzi tu nimeandika katika nyumba saba za mtaa wenu, na hakuna hata aliyenikaribisha."

Katale alimtazama Mwinyi Nyonga, akitumaini kwamba hata yeye amesikia. Mwinyi alikuwa akirekebisha mto.

"Ahsante, bwana," Katale alisema. "Nilikuwa sijui."

Na alimaanisha. Kuna watu tunaowashukuru kwa kututendea mema, na kuna wanaostahili kushukuriwa kwa kutuonyesha, kwa kiburi chao, mahali pa kusimama.

Alirudi kwa washika vyungu wenzake, mmoja mmoja, akawaambia kwa maneno machache. Wengine waliogopa. Mmoja alisema, "Dada Katale, tukiacha, mji wote utaungua." Katale alikuwa ameshalifikiria hilo.

"Hatuachi kuzima," alisema. "Tunahama mahali pa kuzimia. Tutoke nje, tulizunguke kasri, tusimame kati yake na mitaa. Cheche itakayotoka, tuizime. Itakayobaki ndani ni ya mwenye nyumba."

Jua likiwa utosini, washika vyungu wa Kishingo walitoka wote kwa pamoja, bila kelele, kama wanawake wanaorudi kisimani, wakasimama duara. Habari zilifika mitaani kabla hawajapangika, na washika koleo wakaja wakikimbia kila mmoja kwa mwenzake wa zamani. Wa mwisho alikuwa Sodi. Alikuwa amefungwa majani ya mgomba viganjani, na koleo amelibana kati ya viwiko.

Katale aliiona ile mikono.

"Dada, umenenepa," Sodi alisema. "Nilikwambia watakulisha."

"Kaa kando. Utadakaje?"

"Wewe shika chungu chako. Mimi nikishindwa kwa mkono nitadaka kwa meno."

Cheche hazikuchelewa. Ndani ya kasri, bila mtu wa kuzipokea, zilitua juu ya nguzo, juu ya mazulia, juu ya mito, na zaidi ya yote juu ya vile vitabu vilivyoandikwa kwamba nyumba isikunje jamvi. Majiko yaliyowaka mara tatu yalitoa cheche mara tatu, na nyumba zilizopandiana migongoni ziliambukizana moto kwa ukaribu uleule zilioambukizana nao uzima. Moto wa Bwana Chunjua haukutoka kwa adui. Ulikuwa wake mwenyewe, umerudishiwa tu uhuru wake. Wale waliokuwa kwenye duara waliona cheche zikija kama mvua ya kinyumenyume, Sodi akidaka kwa viwiko na kuzirusha, Katale akitosa asiangalie, na kila kaa lilipopumua chunguni walijua kwamba nyumba moja ya mji imepona.

Mwinyi Nyonga alionekana dirishani. "Maji!" aliita kwa ile sauti yake ya kupendeza. "Namwamuru aliye na maji!"

"Toka nje, Mwinyi!" Katale alimjibu kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. "Mlango uko wazi. Kunja jamvi utoke, hakuna atakayekugusa!"

Akasimama pale dirishani muda mrefu, mkono juu ya kizingiti. Wapo waliosema aligeuka kuutafuta mlango. Wapo waliosema aligeuka kuutafuta mto wake. Paa liliposhuka hapakuwa na wa kuulizwa.

Habari ya Bwana Chunjua ni ngumu zaidi. Mtu asiye na jiko haungui kirahisi. Katika majivu uliokotwa mkoba wake, lakini ulikuwa mtupu.

Moto ulipokuwa mkali, watu wa mitaa ya jirani walikuwa wamemwaga juu ya kuta zao chochote kilicho majimaji: maji ya kufulia, mchuzi, togwa. Muuza achari wa Mtaa wa Juu, mama mnene aitwaye Bi Haluli, alikuwa amemwaga pipa zima la siki. Asubuhi iliyofuata aliona ajabu. Ukuta wake ulibaki na rangi yake, lakini ukuta wa jirani yake, uliomwagiwa siki ileile, ulikuwa na baka jeupe kama unga, na jirani alipofungua kitabu alikuta ule mwandiko mdogo mzuri katika ukurasa uliokuwa umetoboka.

Hapo mji ulifanya jambo ambalo tunajivunia. Hakuna aliyemcheka jirani, na Bi Tando, aliyekuja akilia akitaka kupigwa mawe, alipewa kitambaa na bakuli la siki, akaambiwa aanze kazi. Zilipanguswa kuta zote kwa siki, mtaa kwa mtaa. Ambako ukuta haukubadilika watu walipiga vigelegele. Palipotokea weupe mdogo walikata kipande kile cha ukuta na kukiziba upya. Ulipokuwa mkubwa, mwenye nyumba aliita majirani, akawalisha, akakunja jamvi kwa hiari. Na kila waliyempangusia aliwaendea Wazima Cheche, akapiga goti, akasema ahsante, hata Sodi akaanza kulalamika kwamba amechoka kusema "haidhuru."

Ikabaki nyumba moja. Katale aliwapangusia wengine siku tatu mfululizo, na kila alipoambiwa sasa ni zamu yake, alikuwa na chungu cha kwenda kujaza. Nyumba yake ilikuwa katikati ya Mtaa wa Msingi, ukuta mmoja na nyumba ya Bi Tando, na ilikuwa imekaa siku nyingi bila mtu wa kuzima.

"Dada," Sodi alisema, "wewe unaogopa siki?"

"Naogopa ukuta."

"Mimi pia." Alikuwa ameshachovya kitambaa, akikishika kwa kiganja na kidole gumba na kile kidole kimoja kilichobaki. "Nimeuepushia mji makaa mangapi kwa mikono hii, na wewe umetosa mangapi, hatujui. Lakini kama kitabu chako kimesalimika, ni kwa sababu ya vidole vyangu. Na kama hakikusalimika, tumekiona mapema. Kwa vyovyote nitapika pilau."

"Hujui kupika pilau."

"Ndiyo maana nitahitaji uwepo."

Akaupangusa ukuta, taratibu, kutoka juu hadi chini, akarudi nyuma akasimama karibu naye. Inasemekana siki huhitaji kungojewa muda wa mtu kuhesabu mpaka sitini. Watu wa mtaa walikuwa wamekusanyika nyuma yao, Bi Tando, Bi Haluli, mafundi, hata wazoa taka na mkokoteni wao. Katale aliushika mkono wa mdogo wake, ule wa kulia, akausogeza mdomoni akaubusu penye makovu.

"Ahsante," alisema.

"Bado hatujaona."

"Najua. Ndiyo maana nasema sasa."

Na Sodi akaanza kuhesabu.